Mluzi Katika Sikio la Boru

Jumatano, 9 Aprili

Kwako Truphena dada yangu,

Assalam aleikum, na kwa salamu ya kwenu, Bwana asifiwe. Hujambo? Goti linasemaje na baridi hii? Mpunga umesimama, au mto umeshaanza kuuonja? Sisi hapa Garsen wazima, alhamdulillahi, ila mvua imekuja kwa fujo, na tangu jana gari la kwenu Hewani halipiti. Simu yako nikipiga haipatikani, nami najua sababu, ulinieleza ilivyoanguka kwenye ndoo. Basi nimekumbuka darasa letu la watu wazima, mwalimu alipotuambia tuandike kila siku hata mstari mmoja, mkono usije ukasahau. Nitakuandikia masika haya yote. Maji yakipungua nitakutumia karatasi zote pamoja, nawe unitumie zako.

Leo lipo la kusimulia. Mashine ya sikio ya Boru imefika.

Mume wangu unamjua, lakini hamjaonana tangu kabla ya Ramadhani, na masikio yamezidi kufunga. Ukimwambia lete kamba, analeta kibuyu. Barazani hakai tena, maana wenzake wakicheka yeye hutabasamu tu bila kujua kilichochekesha. Linaloniuma zaidi ni mluzi wake. Unaukumbuka? Ule wa kuwatuliza ng'ombe wanywe maji, mrefu, unaoshuka mwishoni kama mtu anayekaa chini baada ya kazi. Jioni nilikuwa nausikia kabla sijaona ng'ombe hata mmoja, nami naweka sufuria ya chai. Alipoanza kutojisikia mwenyewe akauacha. Sasa anaingia kimya, chai haijawa tayari, nami nashtuka kama nimeingiliwa na mgeni.

Fardosa, mke wa mwanangu Suleiman, ndiye aliyeiona mashine kwenye simu. Duka ni la mtandaoni, wanasema wako Mombasa. Pichani kulikuwa na mzee mwenye ndevu nyeupe anacheka na mjukuu wake. Nikasema, huyo ndiye Boru. Nikamuuza mbuzi wangu mweupe, tukalipa. Leo mzigo ukaja na basi la mwisho kabla barabara ya Malindi haijajaa maji.

Ni kitu kidogo kama korosho. Fardosa akasoma maelezo, mimi nikaitia, maana mkwe hawezi kumshika baba mkwe sikio. Nikainama, nikamwambia taratibu, "Baba Suleiman, unanisikia?"

Ikapiga mluzi. Fiiiii, mwembamba kama wa mbu aliyesoma.

"Nimesikia," akasema Boru.

"Umesikia nini?"

"Ndege."

Tulicheka sote watatu. Nikadhani ni ugeni wa mashine, itazoea.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua mchana kutwa. Kuni zote zimelowa.

Ijumaa, 11 Aprili

Boru amekwenda msikitini na mashine yake, kanzu nimempigia pasi ya mkaa mwenyewe. Nilikuwa na hamu arudi anieleze khutba, maana mwaka mzima sasa hurudi na kuniambia "Maalim kasema vizuri" tu, na najua hakusikia neno.

Amerudi. Nimemuuliza. Kasema, "Maalim kasema vizuri."

Jumapili, 13 Aprili

Truphena, mashine hii inanisumbua. Nikikaa mbali na Boru, iko kimya. Nikimsogelea nimwambie jambo, inalia. Nikigeuza shavu langu kwake, inalia. Nikimnong'oneza, ndiyo mbaya kabisa. Kwa hiyo siku hizi naongea na mume wangu nikiwa mlangoni, kwa sauti ya kumwita muuza samaki. Nimeinunua ili nimkaribie, nayo inanifukuza.

Nimemuuliza kama yeye naye inamkera. Kasema, "Inafanya kazi vizuri, Mama Suleiman. Usijisumbue."

Jumatatu, 14 Aprili

Maziwa ya asubuhi yamebaki mikononi. Wanunuzi hawatoki na mvua hii. Nimegandisha.

Jumatano, 16 Aprili

Leo Jilo kaja, rafiki ya Boru tangu ujana, wanachunga pamoja hawa ng'ombe wachache wa maziwa waliobaki nyumbani. Wengine wako nyika na Suleiman, juu, mbali na maji. Jilo kaingia akitikisa koti, hajasalimia vizuri akaanza:

"Shemeji, mume wako umemtia nini kichwani?"

"Mashine ya kusikia. Kwani vipi?"

"Basi ng'ombe ndio wanaosikia."

Nikamwambia akae, aeleze kama mtu mzima. Kumbe Boru akitafuna tu, awe anatafuna kijiti cha mswaki au andazi, mashine inapiga mluzi. Na ng'ombe wetu, unajua, wamelelewa kwa mluzi wa Boru, wakiusikia wanajua ni maji. Sasa mluzi unalia katikati ya malisho, wote wanaacha majani, wanainua vichwa, wanamfuata. Yeye hajui. Anatembea, nyuma yake msafara. Anasimama, wanasimama, wanatafuta maji miguuni pake.

"Jana kakaa chini ya mgunga kula andazi," akasema Jilo, "mara kazungukwa. Ananiuliza mimi, 'Jilo, hawa wana nini leo?' Nikamwambia, 'Wanataka andazi!' Akasikia 'wanataka kazi.' Akasema, 'Hata mimi wakati mmoja nilitaka kazi.'"

Nilicheka mpaka machozi. Halafu Jilo akaacha kucheka, akasema, "Lakini shemeji, siku hizi tukifika kule anaitoa, anaitia mfukoni. Akikaribia nyumbani anairudisha sikioni."

Kumbe ananivalia mimi.

Alhamisi, 17 Aprili

Kesho ni Ijumaa yenu ile kuu. Ninakuombea ibada njema, na kanisa lenu lisivuje.

Ijumaa, 18 Aprili

Boru hakwenda msikitini.

Kanzu niliiweka tayari. Akasema ng'ombe mmoja anachechemea, atakaa naye. Nimetazama ng'ombe wote, hakuna anayechechemea. Nimempikia nikamwacha. Kisha nikajifunga mtandio, nikaenda kwa mke wa Maalim kana kwamba namwuliza habari ya darasa la akina mama.

Huyu mama ana huruma, alijua nimekuja kwa nini. Akanimiminia chai kwanza. Akasema Ijumaa iliyopita, watu waliposujudu, Boru alipoweka paji lake la uso kwenye mkeka, mashine ikalia. Si mara moja. Kila sijda. Wakadhani ni simu. Mmoja akageuka akamkazia macho. Baada ya sala Maalim akasema kwa upole, bila kumtaja mtu, tuzime simu tukiingia nyumba ya Mungu. Boru maneno hayo hakuyasikia, lakini macho ya watu aliyaona. Alikaa mpaka wote wakatoka, ndipo akavaa viatu.

Truphena, ile chai niliiacha nikainuka. Mtu ambaye hajawahi kuikosa Ijumaa kwa hiari, leo anasingizia ng'ombe. Na aliyemtoa msikitini ni mimi, kwa mbuzi wangu mwenyewe. Nia yangu ilikuwa asikie khutba.

Nilirudi njia nzima maji yakinifika vifundoni, nikawa namwomba Mungu kwa sauti, hakuna mtu wa kunisikia ila vyura. Nikaamua. Mashine irudi ilikotoka na pesa zirudi. Fardosa alisikia kliniki kwamba mwisho wa mwezi wa tano anakuja mtaalamu wa masikio, mtu wa kupima hasa, anachukua umbo la sikio lako mwenyewe na kutengeneza kipande cha kuingia humo barabara. Nina pesa hizo tu, za mbuzi. Nikizipata kabla hajaja, Boru atapimwa. Nisipozipata, ndiyo basi mpaka Mungu apende.

Boru sijamwambia nilikokwenda. Nimemkuta anamkanda mguu yule ng'ombe asiye mgonjwa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka njema, dada.

Fardosa amewaandikia dukani. Wakajibu kwa maandishi marefu. Akanisomea: vitu vya kuingia sikioni havirudishwi vikishavaliwa, kwa ajili ya usafi. Na kilicho kibovu kirudi ndani ya siku saba. Siku saba zimepita, barabara iko chini ya maji.

Nikamwambia Fardosa apige, niongee na mtu. Akapokea binti, jina lake Kabibi, sauti ya watu wa Pwani hasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uzima?"

"Nashukuru. Nimesoma malalamiko yenu. Lakini mama, sheria ya duka ni kwamba kilichoingia sikioni hakirudi."

"Mwanangu, kisipoingia sikioni nitajuaje ni kibovu? Nikitie puani?"

Akacheka kidogo, akajizuia kama mtu aliye karibu na mkubwa wake. Akasema, "Ni kweli mama. Basi nitumieni video kikilia. Nikimwonyesha meneja ubovu, nitakupigania. Habari ya siku nitamweleza mafuriko."

Nikamwombea dua palepale kwenye simu. Akasema amina, mama.

Jumanne, 22 Aprili

Bando la simu limeisha kabla hatujafanya lolote.

Jumatano, 23 Aprili

Tumejaribu video. Boru nilimwambia tunampiga picha ili Suleiman aione. Mungu anisamehe, nitamweleza ukweli baadaye.

Alikaa kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Shingo imesimama, mdomo umefungwa, hata kope hazichezi. Mashine kimya kama kaburi. Nikampa andazi, akalishika tu mkononi. "Nile huku napigwa picha? Mimi mtoto?"

Jilo akaletwa. Fardosa akamwambia, "Baba, msogelee sikioni umwambie kitu."

"Nimsogelee sikio Boru mbele ya simu? Watu watasema tunapanga kuiba ng'ombe." Akarudi nyuma hatua kadhaa, akapaza, "BORU! MBUZI WAKO WAMEINGIA SHAMBA LA MTU!"

Boru akainuka akatoka mbio. Video ni ya kiti kitupu.

Ijumaa, 25 Aprili

Hakwenda tena.

Kabibi kapiga. Meneja anataka video, bila hiyo faili itafungwa. Fardosa akaniangalia, akasema kwa adabu, "Mama, mashine inalia ukimsogelea wewe. Mimi nishike simu, wewe mnong'oneze baba hata neno moja. Imekwisha."

Truphena, wewe unanielewa. Nikimwinamia mume wangu sikioni, hilo si la watu wa Mombasa kukaa ofisini wakilitazama na kulirudia. Yale ni yetu. Nikamwambia hapana.

"Basi wakati wa kusujudu," akasema. "Nitasimama nyuma, hata uso hauonekani."

Hiyo nayo nikakataa. Mtu akiwa ameweka uso wake chini mbele ya Mola wake, mimi nimpige picha nimpelekee muuza duka? Nimpe ushahidi wa sijda ya Boru ili nipate pesa ya mbuzi?

Fardosa akasema, "Samahani mama." Nikamwambia huna kosa. Tukakaa tunaangalia mvua. Mahali pawili tu ndipo inapolia vizuri, na kote kuwili siwezi kuonyesha. Na kutafuna nako, hatafuni akiona simu.

Jumanne, 29 Aprili

Maji yamefika ua wa jirani. Tumepandisha nafaka juu ya kitanda. Mtu wa kwenu aliyepita anasema Hewani mmehamia mwinukoni, wote salama. Alhamdulillahi. Mpunga hakuusema, nami sikuthubutu kuuliza.

Jumatano, 30 Aprili

Bado inanyesha.

Ijumaa, 2 Mei

Leo niligombana na Boru, na sasa nina moyo mwepesi kuliko siku nyingi.

Niliweka kanzu. Akasema ng'ombe anachechemea. Nikasema, kwa sauti ya mlangoni, "Ng'ombe gani? Nitajie!" Akainamisha kichwa. Nikasema yote. Kwamba nimejua ya msikitini, nimejua anaitia mfukoni akiwa malishoni, kwamba mimi ndiye ninayehangaika na duka, na yeye amekaa anasema inafanya kazi vizuri, inafanya kazi vizuri, kama kasuku! Nikamwita mkaidi. Nilikuwa nimemwona hivyo wiki zote hizi, Truphena. Nilisema moyoni, huyu mzee hajali, anaona kusikia ni kazi, afadhali uziwi wake.

Akaitoa mashine, akaiweka kiganjani. Kisha akanionyesha kwa mkono nikae karibu. Bila mashine nikaweza kukaa karibu.

Akasema, "Asli." Huniita jina langu mara chache. "Sauti yako humu ndani si yako. Ni kama umefungiwa ndani ya debe na mtu anapiga debe hilo kwa fimbo. Nikiitoa, sikusikii vizuri, lakini ninachokisikia kidogo ni wewe."

Nikamwuliza karibu na sikio, mbona hakusema.

"Ulimuuza yule mweupe," akasema. "Nilikuona ulivyomfuata mpaka barabarani. Ningesemaje?"

Basi. Nimekaa na mtu huyu tangu nikiwa msichana na bado nilikuwa simjui. Nilidhani hajali, kumbe alikuwa amebeba aibu mbele ya watu wote msikitini asije akaniambia kwamba mbuzi wangu amekwenda bure.

Nikamweleza kila kitu, pamoja na mtaalamu wa mwisho wa mwezi. Akasikiliza, mengine akisoma midomo yangu. Akasema, "Basi tuirudishe. Ila ile ya sijda umefanya vizuri kukataa." Akaigeuza mashine kiganjani. "Na ile nyingine pia."

Akaswali Adhuhuri hapa hapa nyumbani, nami nyuma yake.

Jumapili, 4 Mei

Mvua imepumzika. Jua kidogo. Nguo zimekauka.

Jumanne, 6 Mei

Dada, sikiliza neema ya Mungu inavyokuja na miguu minne.

Unamkumbuka Dimtu, ng'ombe wetu mwekundu? Mama yake alikufa siku aliyozaliwa, Boru akamlea kwa mkono, akimnywesha maziwa ya ng'ombe wengine. Mpaka leo ni mzee naye bado anajiona mtoto. Boru akimaliza kumkamua humjia, akamramba jasho la shavuni na nyuma ya sikio, hana aibu.

Asubuhi hii Fardosa alikuwa uani na simu, anapiga picha maziwa yetu amtumie mama mmoja wa hoteli mjini. Boru alikuwa amevaa mashine, tulikubaliana aivae asubuhi labda tubahatike. Kainuka kutoka kukamua. Dimtu kaja, kaleta pua yake sikioni.

Fiiiiiiii!

Dimtu akashtuka, akatega masikio, akaleta pua tena kwa kudadisi. Fiiiiiiii! Ng'ombe wengine wote waliokuwa wamelala wakainuka, wakaja mbio kwenye uzio wakidhani maji, wakisukumana, ndama akapita chini ya tumbo la mama yake, ndoo ikamwagika. Boru akaanza kucheka. Akicheka taya linacheza, taya likicheza mashine inalia zaidi, ikilia ng'ombe wanasukuma zaidi. Yeye akawa anawaambia, "Hakuna maji! Enyi! Ni sikio! Ni sikio tu!"

Nikapiga kelele, "Fardosa!"

"Ninayo mama," akasema, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Ninayo yote."

Sijamsikia Boru akicheka hivyo tangu kaskazi ya mwaka juzi. Uzio utatengenezwa kesho.

Jumatano, 7 Mei

Kabibi kapiga mwenyewe, asubuhi mapema.

"Shikamoo mama. Huyo ng'ombe anaitwaje?"

"Marahaba. Anaitwa Dimtu."

"Mwambie ofisi nzima inamsalimu. Meneja ameitazama, akaniuliza, 'Na hawa wote nyuma wamekuja kufanya nini?' Nikamwambia, 'Mashahidi.'"

Kisha akasema taratibu, "Amekubali, mama. Barabara ikifunguka mtume mashine kwa basi, ikitufikia tunarudisha pesa yote. Babu yangu pia alikuwa hasikii. Tulikuwa tunampigia kelele tu mpaka akafa. Sikuwahi kufikiria kumkaribia."

Nikamwambia Mungu amrehemu babu yako, na akulipe wewe. Nimemweka katika dua zangu za alfajiri, yeye na meneja wake.

Jumapili, 11 Mei

Barabara bado.

Jumatano, 14 Mei

Basi la kwanza limepita, limepakwa matope hadi madirishani. Tumeifunga mashine ndani ya kitambaa, Boru mwenyewe kaipeleka ofisi ya mabasi. Kurudi nikamwuliza kama imemhuzunisha kidogo. Akasema, "Dimtu ndiye atakayehuzunika."

Ijumaa, 16 Mei

Boru kaenda msikitini. Bila mashine, bila kusikia, lakini kaenda. Jilo alimpitia na kumtania, "Leo hulii?" Nao wakaondoka bega kwa bega. Mke wa Maalim kanieleza baadaye kwamba Maalim alimtoa Boru safu ya nyuma akamweka ya mbele, nyuma yake moja kwa moja, na alipotoa khutba alikuwa akimgeukia yeye, midomo ionekane.

Jumanne, 20 Mei

Pesa zimeingia. Fardosa alisoma ujumbe, akaurudia, nikamwambia usome tena polepole. Hazikupungua. Nilikwenda moja kwa moja kumshukuru Mungu, kisha Kabibi.

Jumatano, 28 Mei

Mtaalamu amekuja kliniki. Mtu mpole, kamtia Boru sikioni kitu laini kama unga wa mahamri, kikaganda, akakitoa, hilo ndilo umbo la sikio lake. Boru kalitazama sana. "Mimi niko hivi ndani?" Atakuja na mashine baada ya Idi. Pesa ya mbuzi imetosha, Suleiman aliposikia akaongeza kidogo ya juu.

Jumamosi, 7 Juni

Idi njema kwetu. Sehemu yako ya nyama nimeikausha kwa mafuta, itakufikia na karatasi hizi.

Alhamisi, 12 Juni

Leo amevalishwa. Imeingia sikioni kama mtu arudiye kwake. Mtaalamu kaniambia, "Mama, mwite." Nilisita, nikijua itanifukuza. Nikainama karibu kabisa. Haikulia. Nikasema nilichosema, hicho si cha karatasi. Boru kafumba macho.

"Ni wewe," akasema.

Jumamosi, 14 Juni

Truphena, nimemaliza kuandika masika haya, maji yamerudi mtoni na mtumbwi wa wachuuzi unavuka kwenu kesho kutwa, nitawapa bahasha hii na kibuyu cha maziwa mgando.

Lakini hili la leo lazima uwe nalo. Jioni nilikuwa nimekaa nachambua mchele. Jua linashuka, bado sijaona ng'ombe hata mmoja. Nikausikia. Mbali, upande wa malishoni, mrefu, halafu unashuka mwishoni kama mtu anayekaa chini. Mara ya kwanza uliyumba, kama mtu aliyesahau njia. Mara ya pili ukanyooka. Nilidhani ni mashine imeanza tena, nikaweka mchele chini. Fardosa akasema, "Mama, hiyo si mashine. Huyo ni baba."

Nikaweka sufuria ya chai.

Wameingia muda mrefu baadaye, Dimtu mbele, wengine nyuma, Boru wa mwisho na kofia yake mkononi. Chai ilikuwa inachemka. Alikaa mahali pake, akapokea kikombe, akaniuliza, "Umenisikia?"

Nikamwambia nimekusikia.

Sasa dada, nami nataka kukusikia wewe. Goti, mpunga, nyumba, na kama simu imekauka. Hao wachuuzi watalala kwenu usiku mmoja kabla ya kurudi. Wape karatasi zako, hata kama ni mstari mmoja. Nijibu mapema, tafadhali.

Mimi dadako,
Asli